Mama wa Baba Yangu Anachagua Kombi

Mwenzetu mmoja ofisini alisahau mapeasi kwenye droo yake siku ya Ijumaa. Jumatatu tulipofungua mlango kila mtu aliziba pua na kuanza kulalamika, huyu anafungua madirisha, yule anatafuta mchawi. Mimi nilisimama katikati ya chumba na mkoba wangu begani, nimeganda. Ilikuwa ni ile harufu ya chini ya kitanda cha Shangazi Dafroza, Ilomba, Mbeya: mapeasi yamelala kwenye nyasi kavu yanaiva taratibu, na mimi juu yake nimejilaza chali, binti wa miaka kumi na sita, najifanya nasoma bayolojia. "We dada, husikii harufu hii?" wakaniuliza. Nikasema naisikia, ila waiache kidogo. Wakanitazama kama nimechanganyikiwa.

Wa rika langu watanielewa. Enzi zetu ukimaliza kidato cha nne, swali la kwanza la watu halikuwa kama unadhani umefaulu. Lilikuwa, "Umechagua kombi gani?" Muuza mkaa anakuuliza, katekista anakuuliza, fundi cherehani anakuuliza huku pini ziko mdomoni. Kombi ni yale masomo matatu utakayokwenda nayo kidato cha tano na cha sita, na baada ya hapo ndiyo yanayoamua chuo kipi kitakufungulia mlango na kipi kitakufungia. Ukisema PCB, yaani fizikia, kemia na bayolojia, mtu anaitikia kwa heshima kana kwamba tayari umevaa koti jeupe. Ukisema ya historia na Kiswahili, anakupa pole kwa macho. Ukitaja isiyojulikana, anabadilisha mazungumzo. Kwa hiyo mtoto wa miaka kumi na sita, ambaye nyumbani haruhusiwi kuchagua hata aina ya mboga, anaambiwa achague maisha. Jamani.

Lakini siwezi kueleza habari ya kombi bila kueleza kwanza habari ya jina langu.

Naitwa Otilia. Ni jina la mama yake baba yangu, aliyefariki kabla mimi sijazaliwa. Kwetu Iringa, mtu akimpa mtoto wake jina la mzazi wake, basi huyo mtoto anakuwa ndiye mzazi. Haiigizwi, haichezwi. Baba aliniita Mama tangu siku niliyozaliwa, na sikumbuki hata mara moja akiniita kwa jina. Asubuhi kabla ya kushuka Ipogolo, kule bondeni barabara kuu inakopita, alikokuwa fundi wa spring za malori, alisimama mlangoni kwetu Mlandege, akainama kidogo, akasema, "Shikamoo, Mama." Nami, kimo changu kikiishia kwenye mkanda wake, nikamjibu, "Marahaba, mwanangu. Nenda salama." Akaenda zake.

Kunipiga hakuthubutu. "Nani anampiga mama yake?" alikuwa akisema, na wadogo zangu, ambao walibeba majina ya watu wasio na cheo kikubwa namna hiyo, walichapwa hata kwa makosa niliyoyaanzisha mimi. Kuniamrisha pia hakuniamrisha. Akitaka maji ya kunywa alisema, "Mama, mwanao ana kiu." Mama yangu mzazi, ambaye kwa hesabu hiyo alikuwa mkwe wangu, yeye hakuwa na simile. "Mama mkwe," alikuwa akiniita kutoka jikoni, "hivyo vyombo vitajiosha?"

Sasa mimi, kwa akili zangu za kitoto, nilielewa kwamba mimi ndiye yule Bibi mwenyewe. Nilifikiri kila mtu yuko hivyo: anakufa, anapumzika, halafu anarudi akiwa mdogo, aanze upya. Siku ya kwanza darasa la kwanza wenzangu walisimama wote wakamwamkia mwalimu, mimi nikabaki nimekaa, nikimsubiri aniamkie. Akaja mpaka kwenye dawati. "Wewe mtoto, nyumbani hamfundishwi adabu?" Nikamjibu kwa upole kabisa, "Mimi ni bibi." Darasa zima likaangua kicheko na nikapigishwa magoti hadi kengele ya mapumziko. Nilimhurumia yule mwalimu. Niliona hajui anachokifanya.

Na siku moja tulikwenda kijijini, Kilolo, kusafisha makaburi. Watu wazima waling'oa majani, Shangazi Dafroza akaweka maua, nami nikasimama mbele ya msalaba wenye jina langu, nikauliza, "Kwa hiyo hapa ndipo nilipolala?" Shangazi alicheka mpaka akakaa chini kwenye udongo na khanga yake mpya. Baba hakucheka. Alinishika mkono, akaushika muda mrefu, kisha akasema polepole, bila kumwambia mtu yeyote, "Angepata daktari mapema, Mama angekuwepo."

Maneno hayo niliyasikia mara nyingi baadaye. Ikinyesha sana na njia ya Kilolo ikawa tope, Baba atayasema. Tukipita karibu na hospitali, atayasema. Kwa watu wengine ilikuwa ni huzuni ya mtu aliyefiwa na mama. Mimi niliyapokea kama ujumbe, na ujumbe wenyewe ulikuwa umeletwa kwangu. Nilirudi, sawa. Kwa nini nilirudi? Basi ni wazi: nilirudi niwe yule daktari aliyekosekana. Nilikua nikaacha kuamini kwamba nilikufa nikafufuka, lakini hilo la udaktari lilibaki limekaa palepale, kama msumari uliobaki ukutani baada ya picha kutolewa. Baba alipokuwa akipekua madaftari yangu, mengine aliyapitia harakaharaka, lakini kwenye bayolojia, pale nilipochora moyo wa mtu, alisimama. Alikuwa anaangalia tu. Mimi nikaona anasubiri.

Nilipoanza sekondari nilimwomba aache kuniamkia mbele ya wenzangu, maana walikuwa wananitania. Akaacha. Aliacha kabisa, hata nyumbani. Kuniita Mama aliendelea, ila ile shikamoo ya asubuhi ikafa, na mimi nikajifanya sikuona.

Basi nikafika kidato cha nne, na hapo ndipo nikapenda kitu ambacho hakikuwa kwenye mpango. Mwalimu wetu wa jografia alikuwa dada mmoja mwembamba ambaye tulimwita Madam tu. Siku ya kufundisha usomaji wa ramani alitutoa nje, akatufanya turundike udongo kama kichuguu kikubwa, akauzungushia kamba, moja juu ya nyingine, kila moja kwenye usawa wake kuanzia chini hadi kileleni. Kisha akatuambia tupande juu ya ukuta tutazame kutoka juu. Aisee! Kichuguu kikawa ramani. Pale mteremko ulipokuwa mkali kamba zilibanana, pale ulipokuwa mpole zikaachana. Nilikuwa nimeshuka kutoka Mlandege kwenda Ipogolo na chakula cha Baba miaka yote, nikijua kwa magoti tu mahali njia inapouma. Jumamosi ile nilishuka nikiiona ile mistari, imebanana pale pale magoti yanapolalamika. Nilifurahi hadi nikasahau chakula, nikampa Baba kimepoa.

Madam ndiye aliyeniambia kuna kombi inaitwa PGM. Fizikia, jografia, hesabu. Wachache wanaichukua, shule chache zinayo. "Wewe ungeiweza," alisema, "na ungeifurahia, ambayo ni habari nyingine." Nilikwenda na hiyo habari nyumbani nimeificha kifuani.

Nilimjaribu Mama kwanza. "PGM?" alisema. "Hiyo inatoa nani?" Nikamwambia inaweza kutoa mpima ardhi, inaweza kutoa injinia. "Mpima ardhi," akarudia, akipembua mchele. "Yule anayekuja na kamba watu wakagombana? Mtoto wa kike? Mama mkwe, una akili za kuwa daktari, unataka kwenda kugombanisha watu na viwanja vyao?" Akapuliza pumba. "Muulize mwanao."

Nilimkuta Baba nyuma ya nyumba ananawa mikono kwa mchanga na sabuni ya unga, kama mafundi wote wanavyonawa, ile grisi haitoki kwa sabuni ya kawaida. Nikasimama. Kama angesema tu, "Chukua hiyo unayoipenda," ningeichukua. Hata kama angesema, "Nenda PCB," ningelia kidogo, nikaenda, na nikawa na mtu wa kumlaumu.

"Baba, fomu za kombi zimeletwa shuleni. Nichague ipi?"

Alisugua kidole kimoja kimoja. Akavimwagia maji. Akaanza tena kusugua vidole ambavyo vilikuwa vimeshatakata.

"Mama," akasema mwisho, "mimi mwanao nitakuambia nini?"

"Mwambie basi!" Mama akadakia kutoka dirishani. "Wewe si ndiye baba yake?"

"Yeye anajua," alisema Baba. Akajifuta mikono na kuingia ndani bila kunitazama.

Nilibaki pale na lile dimbwi la maji meusi. Nilivyoelewa mimi ni kwamba nimemuumiza. Mama wa kweli hamuulizi mwanawe anahitaji nini, anajua. Na mimi nilikuwa nimekwenda kumuuliza, kama vile makaburi yale sikuyaona, kama vile maneno yale sikuyasikia. Kesho yake nikajaza PCB. Niliandika vizuri, kwa mwandiko wa kupendeza.

Tulipomaliza mtihani wa taifa, Shangazi Dafroza akaomba niende kwake Mbeya. Siku hizo, na nadhani hata sasa, wanafunzi hawakusubiri matokeo wamekaa. Unaanza kusoma masomo ya kidato cha tano mapema, kwenye vituo vya tuisheni, kwa kombi ile unayoitegemea, kana kwamba umeshachaguliwa. Wenye uwezo walikwenda, wasio na uwezo waliazima madaftari ya waliokwenda. Ilomba kulikuwa na kituo kama hicho, chumba kirefu chenye mabenchi ya mbao, na mwalimu wa bayolojia aliyekuwa akitufundisha habari za seli kwa sauti ya mtu anayesoma matangazo ya vifo.

Kwa Shangazi nako nilikuwa Mama. Bibi alikuwa mama yake pia, si ndiyo? Alinipa kitanda chake, yeye akatandika godoro sakafuni, na nilipokataa akanikemea. "Nikulaze chini mama yangu? Watu waseme nini?" Chakula kikipakuliwa, sahani ya kwanza ni yangu. Alikuwa mjane mwenye mwili mkubwa na kicheko kikubwa, aliyefanya biashara ya matunda, na msimu ule ulikuwa wa mapeasi. Wakulima waliyaleta kutoka Umalila yakiwa magumu kama mawe. Yeye aliyapanga kwenye ndoo na maboksi, akayafunika kwa nyasi kavu, akayasukuma chini ya kitanda, yaani chini yangu. Kila jioni tuliyatoa na kuyabonyeza kwa kidole gumba karibu na kikonyo. Lililolegea linakwenda mezani kesho, lisilolegea linarudi kulala. Ilomba nzima ilijua mapeasi yake. Akina mama wa Kinyakyusa walikuja wakisema "ndaga fijo" hata kabla hawajapimiwa, asante sana, ili awaongezee moja.

Nataka mjue kwamba sikuwa nafeli. Ingekuwa rahisi kama ningefeli. Nilikuwa naelewa zile seli, nilijibu maswali, na mwalimu alinisifu. Ila nilikuwa nikitoka kwenye kile chumba najisikia nimechoka kama mtu aliyebeba mzigo wa mtu mwingine na mwenyewe haonekani njiani. Jioni nililala juu ya mapeasi, daftari limefunguliwa tumboni, na mkono wenyewe ukaanza kuchora pembeni ya ukurasa. Kutoka uwani kwa Shangazi Mlima Loleza ulionekana wote. Nikawa nauchora kwa mistari ile ya Madam, mmoja juu ya mwingine, hadi kileleni.

"Mama, huo ndio moyo?" Shangazi aliniuliza siku moja. Alikuwa amepiga magoti anavuta ndoo, akachungulia daftari langu.

"Huu ni mlima, Shangazi."

"Mlima kwenye bayolojia?"

Akaketi sakafuni na ndoo katikati ya miguu, akaanza kubonyeza mapeasi, moja moja, hanitazami. Nadhani alijua kwamba akinitazama sitasema. Mvua ilikuwa inapiga bati. Nikaanza kusema, na nilipoanza sikuweza kujizuia: kamba, kichuguu, PGM, Baba na mikono yake, Baba na moyo niliouchora, makaburi ya Kilolo, na kwamba mimi najua nimezaliwa kwa ajili gani, na kwamba sitaki. Hilo la mwisho nilipolisema nililia kwa sauti. Niliona aibu. Nilikuwa namwambia mtoto wa marehemu kwamba sitaki kumponya mama yake.

Shangazi aliacha kubonyeza. "Nani amekuambia umezaliwa kwa ajili hiyo?"

"Baba."

"Alisema?"

"Hakusema."

"Haya. Alisema nini?"

"Alisema, 'Mama, mimi mwanao nitakuambia nini?'"

Akacheka, lakini si kile kicheko chake kikubwa. Akapangusa macho kwa ncha ya khanga. "Baba yako," alisema, "hakukuambia alikuwa aende seminari?"

Sikuwa nimesikia. Baba yangu, ambaye kanisani anasinzia wakati wa mahubiri?

"Alikuwa na akili kuliko wote," Shangazi alisema. "Alipomaliza darasa la saba Padri alikuja mwenyewe nyumbani. Mwenyewe, kwa miguu, kwenye matope. Akasema huyu kijana tunamchukua seminari. We! Unajua kwa Mama ilikuwa nini hiyo? Yeye aliyekuwa hakosi misa hata akiumwa? Kijiji kizima kilianza kumwita Mama Padri. Walishamletea kuku. Sasa baba yako hataki. Anataka magari. Kila lori likipita, yeye yuko uvunguni. Wajomba wakamjia juu, wakamwambia ana laana. Yeye akaenda kwa Mama, akamuuliza, 'Mama, niende?' Na mimi nilikuwa pale pale, najua. Mama alikuwa anataka aende kuliko kitu chochote duniani. Lakini unajua alimjibu nini?"

Nikatikisa kichwa.

"Alimwambia, 'Kengele ya huko ikilia alfajiri, utakayeamka ni wewe. Mimi nitakuwa nimelala.' Basi. Akarudisha kuku wa watu, akamfungia nguo zake kwenye kitambaa, baba yako akashuka mjini kwenda kushika spana. Wajomba hawakuongea na Mama mpaka anakufa." Akachukua peasi, akalibonyeza, akalirudisha kwenye nyasi. "Huyo ndiye unayeitwa jina lake. Sijui huyo mwingine wa kwako umemtoa wapi."

Nilikuwa nimembeba yule mwanamke maisha yangu yote na kumbe sikuwa namjua hata kidogo.

"Kwa hiyo Baba hajakasirika?" niliuliza.

"Mimi sijui kama hajakasirika. Muulize mwenyewe. Mimi nauza mapeasi."

Matokeo yakatoka, nikafaulu, nikachaguliwa shule moja ya wasichana, mbali, mahali pa ukungu na baridi kali. Kombi: PCB. Mlandege walisherehekea. Mama alipika pilau, na jirani mmoja alinionyesha vidonda vyake vya mguu. Kwenye ile shule kombi ya PGM ilikuwepo pia, niliuliza nikaambiwa, na utaratibu ulikuwa kwamba unaweza kuomba kubadili siku ile ya kuripoti, nafasi ikiwepo, na mzazi akiwepo akubali. Ukishalala bwenini usiku wa kwanza, basi, umeshalala na kombi yako.

Baba ndiye aliyenipeleka. Alivaa koti lake la ndoa. Ndani ya basi nilijaribu kumwambia. Tulipofika Mafinga nilifungua mdomo, akaniuliza kama nasikia njaa. Nikaufunga, nikaufungua tena tulipopita kwenye misitu ya misonobari, akawa amesinzia na ndoo yangu mapajani. Tukafika getini sijasema neno.

Mwalimu wa taaluma alikuwa mama mtu mzima, sweta juu ya sweta, miwani kwenye ncha ya pua. "Otilia. PCB. Hongera. Weka sahihi hapa."

Kalamu niliishika. Mkono ukakataa.

"Mwalimu, naomba kubadili."

"Kwenda wapi?"

"PGM."

Akavua miwani. "Binti, hapo nje kuna wasichana wanalia niwape PCB. Wewe umepewa, unaitupa?" Akamgeukia Baba, ambaye alikuwa amesimama na kofia mkononi, tranka langu miguuni pake. "Mzee, unasikia haya? Wewe ndiye mzazi. Unasemaje?"

Sikuthubutu kumtazama Baba usoni. Niliitazama mikono yake. Kofia ilizunguka kwenye vidole, taratibu, mzunguko mzima, na ile grisi isiyotoka ilikuwa pale kwenye kucha kama siku zote. Nilikuwa naomba Mungu sakafu ile ipasuke nidumbukie.

"Mwalimu," Baba alisema, "mimi siyo mzazi wa huyu."

Mwalimu akashtuka. Akaangalia karatasi, akatuangalia sisi. "Sasa wewe ni nani?"

"Huyu ni mama yangu. Ana jina la mama yangu mzazi." Akakohoa kidogo. "Mimi siwezi kumsemea mama. Muulize mwenyewe."

Nikadhani tutafukuzwa. Yule mwalimu akaegemea kiti chake, akatuangalia tena, safari hii kwa namna nyingine.

"Mzee, wewe ni wa Iringa?"

"Iringa, mwalimu."

"Kamwene," akasema, kwa salamu ya kwetu.

"Kamwene," Baba akajibu, na bega lake likashuka.

"Mimi baba yangu yuko darasa la pili," mwalimu alisema akivaa miwani, "na jana amekojoa kitandani." Akanigeukia. "Haya, bibi. Sema. Usinipotezee muda, foleni ni ndefu."

Nikasema. Fizikia, jografia, hesabu. Sauti yangu ilitoka kubwa kuliko nilivyokusudia, na msichana aliyekuwa nyuma yetu kwenye foleni akachungulia kuona ni nani anayepiga kelele.

Ningependa kuwaambia kwamba leo nachora barabara za kuwapeleka wagonjwa hospitali kutoka Kilolo. Hapana. Napima viwanja, kama Mama alivyosema, na watu wanagombana, na mara moja nilifukuzwa na mbwa. Naipenda kazi yangu. Asubuhi naamka bila kuitwa na mtu.

Baba hayupo sasa, na Shangazi pia hayupo. Lakini harufu ile ofisini ilinirudisha hadi getini kwa ile shule, mchana ule, ukungu ukiwa umeshaanza kushuka. Baba alikuwa amenibebea tranka hadi bwenini, amelikagua dirisha kama linafunga, amelibonyeza godoro langu kwa kiganja. Nilimsindikiza. Nikajua nisipomuuliza hapo sitamuuliza tena.

"Baba, wewe ulikuwa unataka nini?"

Alitazama barabara. Nilidhani atajibu lile jibu lake la siku zote.

"Daktari," alisema. "Tangu siku uliyozaliwa. Mpaka leo asubuhi kwenye basi nilikuwa nataka."

"Sasa kwa nini hukusema?"

"Ningesema," alijibu, "ungekwenda."

Basi lilikuwa limeshapiga honi. Wasichana walikuwa wamejaa pale getini, wenyeji na wageni, wanaaga na kuagwa, wote wanatazama. Baba akavua kofia, akainama mbele yao wote, kama alivyokuwa akifanya mlangoni kwetu Mlandege nilipokuwa mdogo.

"Shikamoo, Mama."

"Marahaba, mwanangu," nikamwambia. "Nenda salama."